Kiganja Juu ya Mashine

Kabla ya kuwa ofisi za bima,
jengo hili la Łódź lilikuwa kiwanda cha pamba.
Mama yangu, Danuta, alifuma humu miaka ishirini na sita,
mitambo ikimpigia kelele
hadi masikio yakasalimu amri.
Leo ninapanda ngazi zile zile za chuma,
kitambulisho shingoni, bisibisi mfukoni,
na kazi yangu ni kuulizwa:
"Mbona haifanyi kazi?"

Nilichelewa kuanza.
Nilikuwa keshia wa duka la dawa kule Bałuty,
umri thelathini na minane, mtoto mmoja, talaka moja,
na kompyuta pakato ya mtumba isiyo na herufi K.
Kila palipohitaji K
niliinakili kutoka mahali pengine nikaibandika.
Barua ya kuomba kazi niliiandika hivyo,
K baada ya K, kama mtu anayeshona vifungo,
na ya mwisho kabisa ikawa ya jina langu:
Klaudia.

Usiku nilisoma, Tymon akiwa amelala.
Anwani za mtandao. Matabaka saba.
Kwa nini printa huona kitu ambacho kompyuta haikioni.
Mtihani wa kwanza nilianguka kwa alama nne;
nikalia bafuni, bomba nimelifungulia,
bili ya maji ikapanda mwezi ule.
Wa pili nilipita. Sikumwambia mtu hadi Alhamisi.

Bi Sroka, kwenye usaili, hakuuliza matabaka.
"Mtu amepiga simu, analia," alisema. "Unafanyaje?"
Nikasema: nitanyamaza kwanza.
Mtu anayelia hawezi kunisomea
namba iliyobandikwa chini ya mashine.
Akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Zenon wa uhasibu husahau nywila kila Jumatatu.
Wenzangu walimcheka, nami nilicheka,
mpaka aliponinong'oneza, ingawa ni marufuku,
kwamba ni jina la mbwa wake,
na mbwa alikufa Februari,
na vidole vinafika herufi ya tatu vinagoma.
Tulikaa dakika kumi tukitafuta
neno lisilo na kaburi.

Mkurugenzi naye alinguruma simuni:
mfumo mzima umekufa, hasara, aibu, nani alaumiwe!
Nikapiga magoti chini ya meza yake.
Kebo ilikuwa imechomoka,
na kwenye plagi, alama ya rangi ya kiatu, kahawia, chake.
Shukrani ya punda ni mateke,
na teke hili liliipata kebo kabla yangu.
"Ilikuwa imelegea," nilisema.
Fundi mwenye adabu huisingizia kebo.

Siku nzuri hakuna anayenipigia.
Watu mia mbili wanafungua, wanafunga, wanakwenda nyumbani,
na jina langu halimtoki mtu mdomoni.
Mshahara ni wa kutosha viatu vya Tymon,
hautoshi viatu na meno.
Nimeanza tena kusoma usiku. Herufi zote zipo sasa.

Jumamosi iliyopita nilikuja kubadilisha betri,
na Mama akanifuata. Sikupaswa kumwingiza.
Alisimama mbele ya makabati ya seva,
pale pale, alisema, palipokuwa na mtambo wake,
akavua glavu.
Zamani, uzi ukikaribia kukatika,
aliujua kwa kiganja, sikio likiwa limeshamtupa.
Akagusa kabati la kwanza. La pili.
Kwenye la tatu mkono ukabaki.
"Hili," alisema kwa sauti kubwa ya viziwi,
"hili halijapumzika."

Nilitazama skrini: taa zote kijani,
joto la kawaida, hakuna onyo.
Nilimpeleka kula supu ya uyoga.

Leo Jumatatu, kabla Zenon hajapiga,
nimefungua tiketi:
Kabati la tatu. Feni. Chunguza.
Kwenye nafasi ya aliyetoa taarifa
nimesita kidogo,
kisha nimeandika: Danuta, mfumaji.